Bustani inahitaji udongo wa juu kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Maswali yaliyo hapa huulizwa hasa na watu waliomaliza kujenga, wakabaki na uwanja wa vifusi mahali walipotarajia kuwa na bustani. Majibu yanaanzia hesabu ya kawaida na kuelekea hali zisizo za kawaida. Vipimo vimetolewa kwa mita na kwa futi, kwa kuwa ploti zetu huuzwa kwa futi ilhali hesabu ya udongo ni nyepesi zaidi kwa mita.

## Mambo ya msingi

1. Udongo wa juu ni upi hasa?

Ni tabaka la juu kabisa la ardhi, ambamo mizizi mingi, minyoo na vijidudu huishi, na ambamo majani na samadi huoza na kugeuka mboji. Mara nyingi tabaka hilo huwa na unene wa sentimita 15 hadi 30, ingawa kwenye miteremko iliyomomonyoka huenda lisizidi upana wa vidole vinne. Udongo uliochimbwa kwenye msingi wa nyumba, moramu ya barabarani na kifusi si udongo wa juu, hata vikiletwa na lori lile lile na kuitwa kwa jina hilo hilo. Namna ya kuutambua imeelezwa katika swali la 11.

2. Hesabu yenyewe hufanywaje?

Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote vikiwa katika mita, nawe utapata mita za ujazo. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuacha kina katika sentimita: sentimita 10 ni mita 0.1, wala si 10. Bustani ya mita 8 kwa 5 inayohitaji kina cha sentimita 10 itachukua 8 × 5 × 0.1, yaani mita 4 za ujazo.

Ukitaka kukadiria haraka bila kikokotoo, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo hufunika mita 20 za mraba kwa kina cha sentimita 5, mita 10 za mraba kwa sentimita 10, na karibu mita 6.7 za mraba kwa sentimita 15.

3. Ploti yangu ni hamsini kwa mia. Nihesabuje kwa futi?

Zidisha urefu kwa upana kwa futi, zidisha jibu kwa kina cha inchi, kisha ugawanye kwa 12. Hizo ni futi za ujazo. Ukizigawanya kwa 35.3 utapata mita za ujazo.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi 5,000 za mraba, ambazo ni karibu mita 465 za mraba, lakini usiagize udongo wa ploti nzima. Ondoa nyumba, njia ya gari, tangi la maji, shimo la maji taka na sehemu ya kuanikia nguo. Katika ploti nyingi za ukubwa huo, sehemu itakayopandwa kweli haifiki hata nusu. Tuseme umebaki na uwanja wa mbele wa futi 30 kwa 20 na unataka inchi 4 za udongo: 600 × 4 ÷ 12 ni futi 200 za ujazo, au mita 5.7 za ujazo. Mfano huu utarudi katika maswali yanayofuata.

4. Kina kiwe kipi?

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika, kwa sababu urefu na upana hupimwa kwa tepu ilhali kina hukisiwa kwa macho. Kuongeza kina kutoka sentimita 10 hadi 15 huongeza gharama kwa nusu nzima, ingawa tofauti yenyewe haizidi urefu wa kidole gumba.

Nyasi za uwanja hutosheka na sentimita 10 hadi 15 za udongo mzuri, ikiwa ulio chini yake umelegezwa. Sukuma wiki, mchicha, managu na vitunguu huhitaji sentimita 20 hadi 30. Karoti na viazi vitamu hupenda sentimita 30 au zaidi, la sivyo karoti hupinda na kugawanyika matawi. Vichaka vya maua na ua wa kuzunguka boma vinahitaji sentimita 30 hadi 45, lakini hivyo hupandwa katika mtaro au mashimo, kwa hiyo pima mtaro peke yake. Kwa miti ya matunda, shimo la sentimita 60 kila upande huchukua mita 0.216 za ujazo, na mashimo matano huzidi kidogo mita moja.

Ukiwa unasawazisha uwanja wenye nyasi tayari, usizidishe sentimita moja kwa mara moja. Nyasi zilizofukiwa kabisa hazichipuki zote, na utaanza kupanda upya mahali ulipotaka kurekebisha tu.

5. Nitajuaje kama ninahitaji kununua udongo?

Chimba kabla ya kununua. Chagua sehemu nne au tano za uwanja, uchimbe kila mahali shimo la sentimita 40, kisha usafishe ukuta mmoja wa shimo kwa kisu hadi uwe kama mkate uliokatwa. Utaona ukanda wa kahawia iliyokolea, wenye nyuzi za mizizi na vitundu vya minyoo, unaomeguka ukiugusa kwa kidole. Chini yake rangi hubadilika, ikawa nyekundu, ya kijivu au ya manjano, na udongo hushikamana. Weka rula ukutani na usome unene wa ukanda wa kwanza.

Kwenye ploti iliyotoka kujengwa huenda usiuone ukanda huo kabisa. Wakati wa kuchimba msingi, udongo wa chini hutupwa juu ya ule mzuri, kisha hukanyagwa na malori ya mchanga na kumwagiwa mabaki ya saruji. Usikate tamaa mapema, kwa maana mara nyingine tabaka la asili lipo sentimita 20 chini ya uchafu huo, na kibarua wa siku mbili kuuondoa ni nafuu kuliko malori mawili ya udongo.

Ukishapata wastani wa mashimo yote, toa. Ikiwa mboga zinahitaji sentimita 25 nawe una 13, nunua sentimita 12. Kisha jaza shimo moja maji, uyaache yanywewe, ujaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, tatizo lako ni la kupitisha maji, na udongo wa kununua peke yake hautalitatua (tazama swali la 13).

## Maumbo na miteremko

6. Bustani yangu haina umbo la kawaida. Niipimeje?

Umbo la herufi L ligawe mistatili miwili. Pembetatu ni kitako mara kimo, ugawanye kwa mbili. Duara ni nusu kipenyo mara yenyewe, mara 3.14.

Kwa bustani iliyopinda ovyo, nyoosha kamba katikati toka mwisho hadi mwisho, kisha pima upana kila baada ya mita mbili. Ukipata upana wa mita 3, 4, 5, 4.5 na 3.5, wastani ni mita 4. Urefu wa kamba ukiwa mita 10, eneo ni karibu mita 40 za mraba. Usahihi huo unatosha, kwa kuwa kosa dogo la upana halitalingana kamwe na kosa la kina.

7. Uwanja una mteremko na ninataka kuusawazisha. Kina ni kipi hapo?

Piga vigingi, funga kamba iliyonyooka kwa pima maji, kisha upime umbali kutoka kambani hadi ardhini mahali pengi. Ikiwa upande wa juu ni sifuri na wa chini ni sentimita 40, na mteremko ni wa sawasawa, kina cha wastani ni sentimita 20. Eneo la mita 8 kwa 5 litahitaji mita 8 za ujazo.

Hata hivyo, kuzijaza mita hizo zote kwa udongo wa juu ni kufukia pesa. Palilia na ukwangue udongo mzuri ulioko, uuweke kando, usawazishe ardhi kwa kuhamisha udongo wa chini kutoka upande wa juu hadi ule wa chini, kisha urudishe udongo mzuri. Mara nyingi utakachonunua ni cha kujazia mapengo tu. Huko Vihiga na Kisii, ambako miteremko ni mikali, gawa eneo liwe matuta ya ngazi na upande nyasi za nepia kwenye kingo kabla ya kuleta udongo wowote, maana mvua kubwa ya kwanza inaweza kuushusha wote hadi kwa jirani wa chini. Mahali penye mawe makubwa yaliyojitokeza, kama ilivyo Maragoli, toa eneo la mawe kwenye hesabu.

## Kununua na kupokea

8. Kwa nini udongo hupungua baada ya kumwagwa, na niongeze kiasi gani?

Udongo uliopakiwa kwa koleo au tingatinga umejaa hewa. Ukisharekiwa, ukamwagiliwa na kunyeshewa mara kadhaa, hushuka, na kushuka kwa sehemu moja ya tano si jambo la ajabu. Angalia lakini: kinachopungua kwa moja ya tano hufidiwa kwa kuongeza robo, si moja ya tano. Gawanya jibu lako kwa 0.8. Zile mita 5.7 za swali la 3 zinakuwa karibu mita 7.1 za kuagiza.

Usijaribu kuzuia kushuka huko kwa kuushindilia udongo kwa miguu au kwa roli. Utakuwa umeondoa hewa ambayo mizizi inaihitaji.

9. "Lori moja" ni kiasi gani?

Ni kiasi chochote ambacho muuzaji anataka kiwe, mpaka utoe tepu. Kanta, tipa ndogo na tipa ya magurudumu kumi zote ni malori, na hata kanta mbili zilizosimama bega kwa bega zinaweza kuwa na bodi zisizolingana, kwa sababu mbao za pembeni huongezwa au kupunguzwa na mwenye gari.

Pima urefu, upana na kimo cha bodi kwa ndani. Bodi ya futi 10 kwa 6 kwa 2 hubeba futi 120 za ujazo, sawa na mita 3.4. Ya futi 14 kwa 7 kwa 2 hubeba futi 196, sawa na mita 5.55. Kisha tazama udongo umefika wapi ndani ya bodi. Mzigo wenye kilima katikati na pembe tupu huonekana umejaa ukiutazama kutoka barabarani, na huo ndio mzigo wa kawaida; pandeni juu ya gurudumu muutandaze kabla ya kukubaliana. Pima gari likiwa bado limesimama langoni, kwa sababu lundo likishamwagwa hakuna anayeweza kulihesabu sawasawa.

Linganisha bei kwa mita ya ujazo, si kwa lori. Tuseme, kwa mfano tu, lori la kwanza hapo juu ni shilingi 9,000 na la pili ni shilingi 12,000. La kwanza linakutoza kama shilingi 2,650 kwa mita, na la pili kama 2,160. Lori "la bei rahisi" ndilo ghali. Ulizia pia kama bei hiyo ni pamoja na kushusha, maana lori lisilo la kupindua bodi linahitaji vibarua, na malipo yao hujadiliwa jioni, giza likiwa linaingia na dereva akiwa na haraka.

10. Muuzaji wangu anauza kwa tani. Nibadilishe vipi?

Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida wenye unyevu kidogo huwa na uzito wa tani 1.2 hadi 1.4 hivi. Tani 7, kwa hiyo, ni kati ya mita 5 na 6 za ujazo. Udongo uliolowa mvua huzidi hapo, na tani zile zile hukuletea udongo mchache pamoja na maji uliyoyalipia. Kinyume chake, udongo wa majivu ya volkano unaopatikana kuzunguka Nakuru ni mwepesi, na mita yake moja mara nyingi haifiki tani moja. Ukiweza kuchagua, nunua kwa ujazo.

Kwa vipimo vidogo, mtungi wa lita 20 huingia mara 50 katika mita ya ujazo, na wilbaro ya kawaida isiyojazwa kilima huchukua takriban lita 65, yaani safari 15 au 16 kwa mita. Zile mita 7.1 ni karibu wilbaro 110. Zingatia hilo kabla ya kukubali lori limwage nje ya lango.

11. Nitatambuaje kwamba nilicholetewa ni udongo wa juu kweli?

Rangi peke yake hudanganya. Kakamega na Kisii zina udongo mwekundu wenye kina kirefu na rutuba nzuri, kwa hiyo wekundu si kasoro. Kasoro ni wekundu uleule usiobadilika, bila mzizi wala jani lililooza, ambao ni dalili ya udongo uliotoka kwenye msingi au ukingo wa barabara. Udongo wa juu wa eneo hilohilo huwa wa kahawia kuliko ulio chini yake. Unuse: ulio hai una harufu ya ardhi baada ya mvua, usio hai hauna harufu yoyote.

Jaza chupa ya kioo theluthi moja kwa udongo, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, utikise vizuri na uiache hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini, udongo laini wa tope katikati, mfinyanzi juu, na makapi ya mboji huelea. Pasipoelea chochote, na mfinyanzi ukiwa zaidi ya nusu, usilipe bei ya udongo wa juu.

12. Jirani ananipa udongo wa shamba bure. Niuchukue?

Uliza kwanza shamba hilo lilikuwa na nini. Katika Siaya, Vihiga, Busia na Homa Bay, mashamba mengi ya mahindi yana kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, na mbegu zake ndogo kama vumbi huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Udongo wa mashamba ya viazi ya Molo, Mau Narok na Kuresoi unaweza kuleta mnyauko wa bakteria, ambao hushambulia pia nyanya, pilipili na biringanya. Ukikuta viazi vidogo vya ndago au vipande vya mizizi ya sangari, kataa. Kazi ya kuving'oa haina mwisho.

Udongo wa kingo za mito na wa ardhi oevu nao usiuchukue. Kingo hizo zinalindwa na kanuni za mazingira za mwaka 2009, na kuzichimba ni kufungulia mto njia.

Kwa bustani kubwa, peleka sampuli kupimwa kabla ya kununua. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ina vituo Kibos, Kakamega na Njoro, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro.

## Hali za pekee

13. Niko uwanda wa Kano, na udongo wangu ni mweusi wa mfinyanzi. Nimwage udongo juu yake kiasi gani?

Usimwage tabaka jembamba juu ya eneo zima. Udongo huu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Sentimita 10 ulizozitandaza mwezi wa Desemba zitaanza kudondoka ndani ya nyufa kufikia Februari, na masika yakifika, maji yatasimama chini ya kilichobaki na kuozesha mizizi.

Njia inayofaa ni vitalu vilivyoinuliwa, na hapo hesabu hubadilika kwa faida yako. Eneo la mita 10 kwa 12 likifunikwa lote kwa sentimita 30 lingekula mita 36 za ujazo. Ligawe vitalu sita vya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10, pakiwa na njia za sentimita 80. Vitalu vina mita 72 za mraba, na kwa kina kilekile vinahitaji mita 21.6, kabla ya nyongeza ya swali la 8. Zimepungua mita 14.4, na njia zikichimbwa kidogo zinageuka mifereji ya kutoa maji. Udongo mweusi unaotoka kwenye mifereji hiyo uchanganye na samadi uuweke chini ya kitalu, kwa kuwa una rutuba; tatizo lake ni maji.

Kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi huu hakusaidii, bali mara nyingi huleta kitu kigumu kama tofali.

14. Niko Nakuru, na udongo hupoteza maji upesi. Niongeze udongo mzito?

Kwa kawaida la. Udongo wa majivu ya volkano una muundo mzuri, na unachokosa ni mboji zaidi kuliko kina. Sentimita 5 za mboji iliyochanganywa katika sentimita 20 za juu zitakupa faida kuliko sentimita 15 za mfinyanzi kutoka mbali. Hiyo ni mita moja tu ya ujazo kwa kila mita 20 za mraba.

Ikiwa uko katika sehemu za magharibi mwa jiji ambako ardhi hufunguka nyufa ndefu wakati wa mvua kubwa, usijaze ufa kwa udongo wa bustani. Ufa hauna kina cha kuhesabu, na udongo utabebwa na maji kwenda chini. Sogeza bustani, na utafute ushauri wa mhandisi kuhusu nyumba.

15. Naweza kupunguza udongo kwa kuchanganya samadi au mboji?

Ndiyo, hadi theluthi moja ya ujazo wote. Zile mita 21.6 za vitalu zinaweza kuwa mita 14.4 za udongo na 7.2 za samadi iliyooza. Ukubali tu kwamba samadi huendelea kuoza na kitalu hushuka, hivyo utaongeza sentimita 3 hadi 5 kila mwaka. Matope yanayobaki baada ya kuchuja maji ya miwa katika viwanda vya ukanda wa Muhoroni ni mbolea nzuri, lakini yakiwa mabichi huchemka. Yalaze miezi kadhaa kwanza. Maganda ya mpunga kutoka Ahero hulegeza udongo, ila yakitumiwa mabichi hushindana na mboga kwa naitrojeni.

16. Bustani yangu ni ya magunia. Kila gunia linahitaji kiasi gani?

Gunia la kipenyo cha sentimita 50 lililojazwa hadi kimo cha sentimita 70 huchukua lita 137. Nguzo ya kokoto ya katikati, yenye kipenyo cha sentimita 15, hupunguza lita 12. Zinabaki lita 125, yaani mitungi sita na robo. Magunia kumi ni mita 1.25 za ujazo, theluthi yake ikiwa samadi.

17. Naweza kuinua udongo hadi kwenye ukuta wa nyumba au shina la mti?

Acha angalau sentimita 15 kati ya udongo na tabaka la kuzuia unyevu ukutani, na uache mashimo ya hewa na mifuniko ya maji taka wazi. Shina la mti lisifukiwe hata kidogo. Juu ya mizizi yake usizidishe sentimita 5. Maeneo haya yaondoe kwenye hesabu mapema.

18. Niulete lini, na nikibakiwa nifanyeje?

Januari na Februari ndio wakati bora: udongo ni mkavu, barabara za ndani zinapitika, na unapata muda wa kuutandaza kabla ya masika. Ikiwa hesabu imeangukia kati ya lori moja na mawili, agiza moja, tandaza, subiri mvua za kwanza, kisha upime tena kwa rula mahali palepale ulipochimba mashimo ya swali la 5. Unaobaki urundike mahali pakavu kwa kimo kisichozidi mita moja, uufunike kwa turubai. Utauhitaji baada ya miezi mitatu au minne, mabonde yatakapoanza kuonekana.